Kitana cha Mama Mkwe

Juzi kwenye zahanati ya huku kwetu Temeke nilikaa benchi moja na binti anayenyonyesha, titi la kushoto limevimba, homa juu. Mama mkwe wake alikuwa analichana kwa kitana cha mbao, taratibu, kama anayemtengeneza bibi harusi. Mtoto analia njaa.

Nesi akasimama mbele yao. "Shikamoo bibi. Limeota nywele?"

"Marahaba. Maziwa yamefunga mafundo, nayafumua."

"Na mtoto mbona hanyonyi?"

"Anyonye titi bovu?"

"Linaumwa tu, maziwa yake hayana neno. Anyonye titi hilo hilo, na dawa atakazoandikiwa mama yake azimeze mpaka ziishe."

Binti akamtazama mkwewe. "Mama, naomba nimpe."

Bibi akanuna, akakishusha kitana. Mtoto akakamata titi, binti akauma kanga, machozi yakamtoka, na maziwa yakashuka. Benchi zima tukapumua.

"Mnaona?" bibi akasema. "Nimeshamchania njia."

Wanawake wawili wakaomba kuazimwa kile kitana, na mie, niliyeachisha ziwa kabla nesi huyo hajazaliwa, nikauliza kinauzwa wapi.