Atumani Hajawahi Kupotea

Atumani wa mtaa wa Jabe, fundi wa kuchomelea mageti, alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, geti lake halikufunguka kwa teke, na miaka ile ya vita watu wa Bujumbura walilitamani geti la namna hiyo kuliko kitanda. La pili, kwa kauli yake mwenyewe, tangu azaliwe hakuwahi kupotea njia. Aliwahi kuchelewa, aliwahi kuzunguka, na mara moja aliaga kwenda Rumonge akatokea Gitega, lakini kupotea, hapana. Ukimwambia amepotea alinuna, na kama ulikuwa umeagiza geti, ungelisubiri sana.

Mke wake, Zubeda, alishazoea. Wakitembea pamoja na mume akaanza kuzungukazunguka, alisema tu kwamba leo wanapunga upepo.

Mwaka wa 2004 jambo moja lilimkosesha Atumani usingizi, nalo ni posa ya Seifu. Seifu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, Massoudi, aliyetoka asubuhi moja mwanzoni mwa vita kwenda kutafuta mkate na asionekane tena. Atumani alimlea, akamfundisha kuchomelea, na alimpenda sana, ingawa mapenzi yenyewe aliyaonyesha kwa kumgombeza. Sasa kijana alikuwa amempenda Asiya binti Aboubacar, na Aboubacar alikuwa amechoka. Mara ya kwanza wageni wa posa walizuiwa na risasi, mara ya pili na barabara iliyofungwa. Akatuma neno kwamba anawangoja Jumamosi kabla ya couvre-feu, saa ya kukatazwa kutoka nje, na wasipotokea, binti anaondoka kwenda kwa shangazi yake Kigoma, na yeye hataki kusikia tena jina la Seifu.

Kilichobaki ni kuijua nyumba. Aboubacar alikuwa amehamia Carama juzijuzi, upande ule ambao nyumba mpya zilichipuka kati ya mihogo, hazina namba wala jina la njia, na alama za zamani zilikuwa zimeungua. Katika ukoo mzima ni mtu mmoja tu aliyeweza kufika pale hata akiwa amefumba macho, naye ni Seifu. Lakini mposaji hatakiwi kuwa amekanyaga kwa wakwe kabla ya posa. Angesema "pinda hapa," angekuwa amekiri kwamba jioni zake alizimalizia kwenye ua wa watu. Basi kila mtu alijua kwamba Seifu anajua, na hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa palikuwa na mabishano. Darius, jirani yao, alikuwa dereva wa shirika la kuchimba visima, na alikuwa na kifaa cha shirika kinachoonyesha njia, ambacho Jabe nzima ilikiita jepeyesi. Kilikuwa na ukubwa wa sabuni ya kufulia, na kilikuwa na mshale. Darius alieleza kwamba wiki ile kazi ilimpeleka Carama, akaulizia kwa Aboubacar, akabonyeza kitufe, na sasa mshale ungewapeleka hadi pale pale. Hakihitaji mtandao wala uniti za simu, na hakichoki.

Zubeda alisema kitu kisichojua kusalimia hakiwezi kupeleka watu kwenye posa. Yeye alikuwa na simu ya mkononi, na kwenye simu alikuwemo Mwantum, dada yake Aboubacar, anayekaa hatua chache kutoka kwa kaka yake. Mwantum angewaelekeza kwa mdomo mwanzo hadi mwisho. Jepeyesi inajua mahali, akasema Zubeda, lakini simu inajua watu.

Atumani alichagua jepeyesi. Sababu yake hakuisema, ila ilionekana: mshale haumwulizi mtu kama amepotea.

Jumamosi wakaondoka kwa magari mawili. Atumani, Darius, Seifu na wazee wawili waliovaa kanzu walipanda Corolla. Zubeda na wanawake wengine, pamoja na masinia yaliyofunikwa na kreti za Fanta, walipanda basi dogo la kukodi. Kwenye njia ya kwenda kaskazini mshale ulisema moja kwa moja, Mwantum akasema kushoto, na kila gari likafuata imani yake.

Kizuizini askari alipekua Corolla, akakuta kile kifaa mkononi mwa Darius. Akataka kujua kinaongea na nani. Darius, ambaye ukweli wake siku moja utamponza, alijibu kwamba kinaongea na satelaiti, ziko juu. Askari aliangalia juu. Kisha akakiweka sikioni akasikiliza kwa muda mrefu, huku wazee wakivuta tasbihi.

"Sisikii kitu," akasema.

"Zinajibu kwa kuandika, chef."

Askari akazisoma zile namba kwa makini. Akauliza kama zinajua vita vitaisha lini. Darius akasema hapana, zinajua tu mtu yuko wapi.

"Mi najua niko wapi," askari akasema, akawafungulia njia.

Carama mshale uliwapitisha kwenye vichochoro, ukawavusha mtaro, ukasimama mbele ya geti la bluu. Atumani akashuka, akaligusa geti, moyo ukamjaa. Lilikuwa geti lake mwenyewe. Hakukumbuka alimchomelea nani, lakini alilijua kwa lile ua la chuma aliloliweka katikati ya kila geti. Akaona ni heshima kubwa: wakwe wamekwenda kununua geti la upande wa mwanamume ili limpokee.

Nyuma yake Seifu alikohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha kifua. Nyumba ya akina Asiya ilikuwa nyuma ya ile, paa lake lilionekana kabisa, na kijana alilijua kila bati. Atumani akamtupia jicho la kumnyamazisha, maana mposaji siku ya posa ni kama mtungi, anawekwa pembeni na hasemi.

Hapa lazima nikueleze desturi, ndipo uelewe yaliyofuata. Upande wa mwanamume haufiki ukataja kilichowaleta. Msemaji hujifanya mpita njia: tumepotea, tunatafuta ng'ombe wetu, na nyayo zimeishia mlangoni kwako. Upande wa mwanamke nao hukana kila kitu. Hatuwajui, hapa hakuna ng'ombe, wala hatuna binti. Kadiri wanavyokana ndivyo wanavyokuheshimu, na mkano mzuri husimuliwa miaka. Atumani alikuwa msemaji hodari, isipokuwa kasoro moja. Neno "tumepotea" hakulisema hata kwa mchezo. Yeye alisema ng'ombe ndiye aliyepotea.

Mwenye nyumba aliitwa Libère, mtumishi wa serikali mstaafu, mtu mpole mwenye miwani. Tangu vita vikaze mjini, hakuna mgeni aliyebisha kwake kwa heri. Alipoona watu waliovaa kanzu wanaingia na kuketi kama waliotumwa kwake, alisogeza viti bila kuuliza. Ukutani kulikuwa na picha ya Bikira Maria yenye rozari juu yake. Wazee wa msikiti walitazamana. Atumani akawanong'oneza watulie, hawa watu ni mafundi, wameazima hadi picha ili wajifanye hawatujui.

Akasimama, akasafisha koo, akasema ng'ombe wao mweupe amepotea na nyayo zimeingia katika uwanja huu.

Libère alisema kwa huzuni kwamba hajaona ng'ombe. Atumani akatabasamu. Akauliza kama hakuna kitu kingine kizuri ndani, pengine msichana aliyelelewa vizuri.

"Apana, mzee," Libère akasema. "Mi nilizaa vijana tu, na wote wako Bukavu. Hapa hakuna mutoto mwanamuke, kweli, vraiment."

Atumani aligeuka kuwatazama wenzake ili wahakikishe wamesikia. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na mkano safi kama huo, mkavu, hauna hata chembe ya kicheko. Akaongeza maneno. Libère akakana zaidi. Akaapa kwa jina la mama yake. Akawafungulia milango ya vyumba waone wenyewe. Mkewe akaleta bia, akaziona kanzu, akaomba pardon na kuzirudisha, na Atumani akampigia makofi. Seifu alikohoa hadi machozi yakamtoka, akaletewa maji.

Mwishoni Libère mwenyewe alianza kuona haya kwa kukosa binti. Wageni walikuwa wazuri, wanaongea kwa adabu, na kwa miezi mingi hakuna aliyemtaka kitu chochote. Akasema polepole kwamba ana mpwa wake kule mjini Ngozi, kama wakipenda anaweza kumwulizia, ila ana mume. Atumani akasita. Hilo la mume hakuwahi kulisikia kwenye desturi.

Ndipo geti likapigwa. Hakuingia Zubeda kwanza, aliingia Aboubacar, kofia imekaa upande, na nyuma yake Mwantum akiwa na simu mkononi. Atumani alikuwa amekutana na Aboubacar zamani, sokoni Jabe, akamtambua mara moja, akaelewa kwamba nyumba hii si yake.

Wanawake, ambao basi lao lilikuwa limefika dakika ile ile, waliingia nyuma yao, vumbi hadi kwenye kope. Simu ilikuwa imewaambia wapinde kwenye baa ya zamani, na baa ilishaungua. Waende hadi kwenye duka la mikate, na lile nalo lilibaki ukuta tu. Mwantum alielekeza mji wa kabla ya vita, na mji ule haukuwepo tena. Kabla ya kila kona alitaka kwanza amsalimie kila mama aliyemo garini, na amuulizie watoto wake, hadi uniti zikaisha wakiwa Kigobe, mbele ya nyumba ya mkubwa mmoja, walinzi wakiwauliza wanaandamana kudai nini. Baadaye wakabaki wakibipu, na Mwantum naye akibipu, na hakuna aliyepiga. Mwishowe dereva wa basi alifanya jambo ambalo halikumjia mtu mwingine yeyote. Alimwuliza mama aliyekuwa anauza ndizi.

Lakini hayo yalisimuliwa baadaye. Wakati ule kila mtu alikuwa anamwangalia Aboubacar. Mwantum alikuwa ameambiwa na wapita njia kwamba wageni wa Jabe wameonekana wakiingia kwa Libère na kuketi kwa posa, na akamfikishia kaka yake kama alivyosikia.

"Nilikaa mulangoni tangu asubui," Aboubacar akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mumepita kwangu mukakuja kuposa kwa jirani. Kama hamumutaki mutoto wangu, mungesema tu."

Darius alifungua mdomo aeleze. Kumbe siku ile alipobonyeza kitufe alikuwa amesimama kivulini, hapo hapo kwenye geti la bluu, na mtu aliyemwuliza njia alimwonyesha kwa kuchongoa midomo tu, ile nyumba pale nyuma. Jepeyesi haikukosea. Ilimrudisha Darius mahali aliposimama Darius. Zubeda naye alikuwa na ya kwake ya kusema kuhusu vitu visivyojua kusalimia. Atumani angeweza kumtupia lawama yeyote kati yao. Kuupindisha ule mkasa hadi usiwe kosa lake ilikuwa kazi ndogo kwake.

Akamtazama Seifu. Kijana hakukohoa tena. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini, vile vile alivyokaa mlangoni siku zile za utoto akimngoja baba yake arudi na mkate. Atumani akasimama.

"Apana, mzee wangu," akasema. "Tumepotea."

Zubeda akageuka kumwangalia mumewe kama mtu aliyesikia paka akiongea.

"Mi ndiye niliwaongoza," Atumani akaendelea, na jasho lilikuwa linamtoka. "Mi Atumani. Tumepotea njia, hatujui tuko wapi. Mutusaidie."

Nje jua lilikuwa linaelekea milima ya Kongo, na couvre-feu haikuwa mbali. Aboubacar akainua mkono, akainyoosha kofia yake, akavuta kiti kilichokuwa kando ya Libère, akaketi upande wa wenyeji.

"Hatuwajui," akasema. "Hapa hakuna ng'ombe, na mi sina mutoto mwanamuke."

Seifu akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika. Libère akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile, akamwambia mkewe aongeze viti.