Vibati vya Ningu

Miaka ile bendera yetu ingali mpya, nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya samaki Homa Bay, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu mama mmoja muuza samaki alikuwa akilalamika: mvua imenyesha, mto Kuja umefurika, lakini samaki wale, ningu, hawajapanda mtoni kutaga.

"Hata mimi nashangaa, mama," bwana samaki, ofisa wa uvuvi, akasema kutoka nyuma ya kaunta. "Mwaka jana niliwafunga ningu wengi vibati mgongoni. Nilitaka atakayemnasa mmoja aniletee kibati. Hakikuja hata kimoja, basi nikawaandikia wakubwa kwamba samaki wamepita nyavu salama, watu waendelee kuvua."

Yule mama akaweka mikono kichwani, kama tunavyofanya matangani.

"Wuoda, mwanangu, tulivitupa! Tulisema ningu mwenye kibati ni wa serikali, ukipatikana naye ni jela. Tulikula tukanyamaza."

"Walinaswa wengi?"

"Nyavu za mdomoni mwa mto zilijaa. Wote na mayai tumboni."

Bwana samaki alivua kofia, akaiweka juu ya kaunta. Hakumgombeza. "Na mimi sikuja ufuoni kuwaeleza," alisema polepole. "Nilibandika tangazo ukutani."

"Na nani kwetu husoma ukuta?"

Masika mengi yamepita. Mto hufurika vilevile. Wajukuu wakinisikia nikimtaja ningu, huuliza kama ni ndugu yetu aliyekufa. Nawajibu ndiyo, tena tulimzika tumboni.