Kisima cha Samli

Baba yangu alikuwa akilamba mawe. Alikuwa mwanajiolojia wa mafuta, labda wa pekee Nakuru nzima, na hakika wa pekee asiyekuwa na kampuni nyuma yake. Aliokota jiwe, akalinusa, akalilamba, kisha akatukabidhi sisi tulibebe. Jumapili familia nyingine za Kihindi zilikwenda kula njugu kando ya ziwa. Sisi watoto tulipanda mlima wa Menengai na mifuko mabegani, mama akitufuata na sari iliyojaa miiba. Watu walituona wakasema, tazama, yule bwana hawezi kutembea bila watoto wake. Kweli hakuweza. Mawe ni mazito.

Kilichotulisha hakikuwa mafuta bali maji. Baba alikuwa na mashine kuukuu ya kuchimba visima, akiwachimbia Wazungu wa Njoro na Rongai kwenye mashamba ambayo sisi Wahindi hatukuruhusiwa kununua hata pa kuzikia paka. Mambo ya mafuta alijifunza Assam, kule India, kabla ya kuja Kenya, katika kampuni ambako, kwa maneno yake, yeye alitoa jasho na Mzungu akatia sahihi. Aliapa kwamba hataajiriwa tena na mtu. Kiapo hicho sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni wa nyumba.

Mama alikuwa ameishi miaka mingi kwenye vyumba vya nyuma ya maduka ya jamaa, akipika kwa zamu, akingoja wake za wenye duka wamalize ndipo naye abandike sufuria yake. Hatimaye tukapata nyumba yetu ya mawe, yenye bati jekundu na jiko lisiloingiliwa na mtu. Vumbi la magadi lilipopeperushwa kutoka ziwani, wanawake wengine walilaani. Mama alichukua ufagio huku akiimba. Vumbi hilo lilikuwa lake, kwenye sakafu yake.

Kisha ukaja msimu wa mvua nyingi. Baba alikuwa akichimba kisima cha maji huko chini ya Rongai. Maji hayakuonekana, lakini alisema ananusa kitu kingine, akamwomba mwenye shamba amruhusu aendelee kushuka. Unga wa mawe uliotoka shimoni ulikuwa tope tupu, na hauwezi kupimwa mpaka ukauke. Akauleta nyumbani. Mama alikuwa kwa jirani, kwa hiyo baba akaukausha mwenyewe juu ya tawa, kile chuma cha kupikia chapati. Akautia katika gilasi yenye dawa ambayo madobi hutolea madoa ya mafuta, akatikisa, akamimina dawa ile juu ya karatasi nyeupe. Ilipokauka, kwenye karatasi likabaki duara la kahawia. Lilikuwa la mafuta.

Alipiga ukelele, akatubeba mmoja mmoja. Mama aliporudi alimzungusha jikoni mpaka bangili zikalia. Mama alicheka, maana hakuwa amezoea kushikwa hivyo mchana. Haukupita muda baba akauza nyumba, apate mabomba na dizeli.

"Na sisi, baba yao?" mama aliuliza. Jina lake hakulitamka kamwe, ndivyo ilivyokuwa desturi yetu.

"Mpaka Diwali tu, mama yao. Halafu nitakujengea ghorofa."

Hakusema Diwali ya mwaka gani. Tulirudi nyuma ya duka la jamaa, chumba kimoja, na mama akarudi kwenye foleni ya jiko.

Mvua ilipokatika, unga wa mawe ulianikwa juani juu ya turubai kule kule shambani. Karatasi ikabaki nyeupe kila mara. Fundi wake wa mashine, mzee aliyemvumilia kuliko sisi, alimwambia, "Bwana, hii shimo iko kavu. Hata jasho hakuna." Baba akamjibu achimbe. Mvua ikarudi, akaleta unga mwingine chumbani kwetu, akautia kwenye tawa, na duara likatokea tena. Alitembea kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwishowe keekee, ile ncha ya kutobolea mawe, ilikatika chini kabisa, ikakwama na mabomba. Hapakuwa na kingine cha kuuza. Alasiri baba aliporudi kutoka shambani, nilikuwa nikimenya njegere mlangoni. Alichota udongo penye bomba la maji la uani, pale watoto wa duka walipokojoa, akaukausha juu ya tawa na kuupima. Duara likatokea, zuri kuliko yote.

Tawa haioshwi kwa sabuni. Mama alipewa na mama yake, na kazi yake ni kuipangusa kwa kitambaa tu, samli ya miaka yote ikanywewa na chuma. Baba alikula chapati za chuma kile kila siku ya ndoa yake. Alilijua hilo kama alivyojua kufunga kilemba chake.

Alimgeukia mama. "Kwa nini huoshi vyombo vyako?"

Mama alitazama ile karatasi, akainamisha macho.

Tangu siku hiyo hadithi ikawa hiyo. Aliisimulia kila palipo na chai: jinsi alivyokaribia utajiri akaangushwa na mwanamke asiyeosha tawa, jinsi mkewe alivyompa kisima cha samli. Wanaume walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama ndiye aliyezungusha vikombe.

Nilimchukia baba kwa kicheko kile, lakini si kama nilivyomchukia siku ya arusi moja, tulipoketi upande wa wanawake. Bibi mmoja alimwambia mama kwamba ana bahati ya kupata mume mwenye subira. Nilimngoja mama aseme. Nilitaka amwambie habari za ile sakafu yake.

"Ni kweli," mama alisema, akiniwekea wali. "Nilimpotezea nyumba, na hakunirudisha kwetu."

Alikuwa anaamini kila neno.