Kaka Yangu Alimvunja Goti Aliyenifundisha Pikipiki, Sasa Wanataka Niseme Tulianguka

Admin, ficha jina langu na la kijiji, maana watu wa nyumbani wanasoma ukurasa huu. Nina miaka 38, watoto wawili, na nilisoma hadi Kidato cha Nne. Ndoa yangu ya Kitale ilipovunjika nilirudi kwetu, upande wa Tongaren, na kaka yangu mkubwa akanijengea nyumba ndogo. Kazi yangu ni kuchanja kuku wa watu. Kila jioni huandika kitabuni nilichofanya siku hiyo, kwa hivyo haya sisimulii kwa kubahatisha.

Kwetu pikipiki imekatazwa. Kitinda mimba wetu alikufa nayo karibu na Matulo. Lori lilimburuta mpaka tukamtambua kwa shati tu. Siku ya mazishi mama alishika udongo akasema mtoto wake mwingine akishika usukani wa pikipiki, asimwite mama tena. Kubebwa aliruhusu. Kuendesha, hapana.

Lakini chanjo ya kuku ikishachanganywa haina subira. Boda anasimama njiani kupiga hadithi, anaongeza abiria, na barafu ya kuipoza chanjo inayeyuka. Siku moja nilifika Kachibora nimechelewa, nikachanja hivyo hivyo. Kuku wa yule mama wakafa wote. Niliporudi kwake alinirushia mizoga, mmoja baada ya mwingine. "Chukua! Si ulikuja kuwachanja? Ama ulikuja kuwaua?" Mmoja ulinigonga kifuani. Siku hiyo niliamua kujifunza kuendesha mwenyewe.

Baba Sifa, si jina lake, ndiye boda aliyekuwa akinibeba mara nyingi. Ana miaka hamsini na kitu, tunasali kanisa moja. Nilipomwomba anifundishe alicheka. "Mama Chanjo, sasa unataka kuninyang'anya kazi?" Tukaanza Jumamosi, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Siku ya kwanza niliachilia klachi ghafla, pikipiki ikaruka, ikaniangukia, ekzosi ikanichoma mguu. Nyumbani nilisema ni chai ya moto. Nilimdanganya mama usoni, na Jumamosi iliyofuata nikarudi uwanjani.

Anayefundisha hukaa nyuma yako, mikono yake juu ya mikono yako, mpaka uzoee gia. Ndivyo kaka alivyotukuta Jumamosi ya sita. Alikuwa anatoka shambani na mpini wa jembe.

"Kumbe hii ndiyo kuchanja! Ati bwana ya wenyewe amekukumbatia mchana, kwa uwanja ya watoto!"

"Ndugu yangu, mimi nafunza tu," Baba Sifa akasema, akishuka na mikono juu.

"Unafunza? Huyu pia tumzike?"

Akampiga goti kwa ule mpini. Niliusikia mfupa. Baba Sifa alianguka akitoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mtu mzima. Kaka akampiga tena pale pale, mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila pigo alitaja jina la marehemu. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio. Akanitupa chini, akanipiga ngumi, jino la mbele likatoka. Kisha akageukia pikipiki, akavunja taa na vioo.

Wanawake wawili waliokuwa wakianika mahindi karibu walikuja wakipiga mayowe, kaka akaondoka. Boda mwingine hakuwepo. Nikawaambia, "Nibebesheni." Walimwinua Baba Sifa, wakamfunga mgongoni kwangu na leso mbili, mguu ukining'inia kama si wake. Nikawasha. Langoni nikamkuta kaka amesimama katikati na ule mpini. "Shuka! Shuka ama nikuue!" Sikupunguza mwendo. Nilimwelekezea gurudumu, na nilikuwa tayari kumgonga. Aliruka pembeni, mpini ukanikwaruza bega.

Nilimfikisha mgonjwa kituo cha afya, nao wakampeleka Kitale. Goti limesagika. Daktari amesema mguu huo hautakunjika tena, na kazi ya boda ndiyo imeisha.

Kaka aliwahi polisi kabla yangu. Amewaambia nilikuwa naendesha bila leseni, nikaanguka na aliyekuwa akinifundisha. Wale wanawake wawili wanalima kwenye shamba la kaka, sasa wanasema hawakuona vizuri. Baba Sifa alinishika mkono pale wodini. "Mama Chanjo, mimi nitafuata vile utasema. Siwezi pigana na boma yenu nikiwa hivi." Mke wake hakunijibu salamu. Aliendelea kumpangusa.

Jana mama alikuja kwangu akapiga magoti. Mama yangu mzazi! "Sema mlianguka. Ajali haifungi mtu. Nimeshazika mmoja, unataka huyu naye aozee jela?" Na ni kaka huyu aliyeacha shule ili mimi nimalize. Tangu siku ile haniangalii usoni. Nimemkuta nyuma ya ghala akilia peke yake.

Nikisema tulianguka, watoto wa Baba Sifa watakua wakijua ni mimi niliyemlemaza baba yao, na kijiji kizima kitasema, mnaona, mwanamke na pikipiki. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nilipompita kaka pale langoni, damu imejaa mdomoni, Baba Sifa akilia mgongoni kwangu, niliingiza gia ya tatu peke yangu kwa mara ya kwanza, na nikasikia raha. Naona aibu hata kuandika. Mtu anavunjika, na mimi nasikia raha. Lakini sitaki kuikana.

Alhamisi saa nne asubuhi naandikisha taarifa polisi. Msinitukane, hayo nimeshayapata nyumbani. Ninyi mlio na mama, mlio na kaka, semeni nami: nimtaje yeye, au nijitaje mimi?