Mguu wa Fundi Josia

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo nitakusimulia ingawa inanishushia heshima mbele yako. Mzee anayesimulia ushindi wake tu hamfundishi mtu.

Ilikuwa Jumatano jioni, mjini Bukoba. Mimi Elizeus nilikuwa na miaka ishirini na sita, na watu waliniita Mwalimu. Shule nilikuwa sifundishi. Nilikuwa nasimamia mazoezi ya viungo katika ukumbi mmoja wa Kashai, nyuma ya duka la mabati. Vyuma vyetu vingi vilikuwa vya kujitengenezea: bomba la maji, na kila upande kopo lililojazwa zege.

Utaniuliza nilisomea wapi kazi hiyo. Sikusomea popote. Nilikulia Ijumbi, huko Muleba, katika kibanja cha baba yangu, nikibeba mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa hadi mwili ukajengeka wenyewe. Nilipokuja mjini kutafuta kazi, mwenye ukumbi alinitazama mabega akasema, "Wewe utanifaa." Hicho ndicho kilichokuwa cheti changu. Watu wakiona mabega makubwa hudhani na kichwani kumejaa vivyo hivyo.

Basi nikaanza kufundisha. Niliwakataza watu kunywa maji wakati wa mazoezi, eti maji yanazima moto wa mwili. Akina mama niliwavalisha makoti ya nailoni wakati wa jua kali ili mafuta yayeyuke. Aliyesema anaumia nilimwambia ashukuru, maana hiyo ni dalili kwamba mazoezi yameingia. Baadhi ya maneno hayo niliyasikia kwa jamaa mmoja aliyetoka Mwanza. Mengine niliyabuni nikiwa nimesimama pale pale, mtu akinisubiri nimjibu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nami nilivuma, mwanangu, na watu walinisikiliza.

Miongoni mwao alikuwako Josia, fundi seremala wa makamo, mtu wa kijiji cha Kishanda, huko huko Muleba, aliyekuwa na karakana yake hapo Kashai. Alikuwa mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kilutheri. Kuinama juu ya meza ya kazi mwaka hadi mwaka kulikuwa kumemchosha mgongo, na wenzake wakamwambia mazoezi yatamsaidia. Hawakukosea. Mazoezi yanasaidia. Kosa lilikuwa kumleta kwangu.

Wiki ya tatu alinifuata pembeni, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Mwalimu, huu mguu wa kushoto unawaka, kutoka kiunoni mpaka kisiginoni. Na vidole vimeanza kufa ganzi."

Mwanangu, nilikuwa sijui hata kidogo maana ya jambo lile. Lakini watu walikuwa wanatutazama, nami nilikuwa Mwalimu. Nikamgonga begani nikacheka.

"Hiyo ni damu inafungua njia, fundi. Ilikuwa imelala. Ukiacha sasa, italala tena."

Akaniamini. Jumatano ile ninayokusimulia nikamwongezea uzito kwenye bomba, nikamwambia ainame aunyanyue. Akainama. Akaunyanyua mpaka magotini, kisha nikasikia amevuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Bomba likaanguka, naye akaanguka juu yake. Nilipomwambia ainuke, alinitazama kwa macho ambayo hadi leo siwezi kuyaeleza vizuri. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri nimwambie hiyo nayo ni nini.

Tulimbeba hospitali. Daktari alinieleza kwamba katikati ya pingili za mgongo kuna kitu laini, na cha Josia kilikuwa kimechomoza kikabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Unyayo wake wa kushoto ukawa haunyanyuki. Ukimwambia auinue, unabaki umelala kama si wake.

"Mgongo wake ulikuwa na matatizo tangu zamani," daktari alisema. "Pengine ungemsumbua siku moja hata bila wewe. Lakini huyu mtu aliomba msaada mapema. Alimwambia nani?"

Josia aliporuhusiwa, ndugu zake walimrudisha Kishanda kwa mama yake. Nilikaa wiki mbili nikijifanya nina kazi nyingi. Mwishowe nikapanda gari hadi Muleba, nikaazima baiskeli ya binamu yangu, nikaenda. Mama yake, Ma Eunike, alinikuta mlangoni. Alikuwa mkunga wa jadi, mwembamba, mwenye mikono ambayo nusu ya watoto wa kijiji kile waliipitia.

"Nyegera, waitu," alinikaribisha, akanipa kigoda na maji ya kunywa, na mimi nikajua kwamba ukarimu ule usingenisaidia. Alikaa mbele yangu.

"Mwanangu ameniambia ulimwambia ni damu inafungua njia. Ulijuaje?"

"Mama, nilidhani…"

"Sikukuuliza ulidhani nini. Nimekuuliza ulijuaje. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha, Mama."

Kisha akasema maneno niliyoyabeba miaka ishirini na mitano.

"Mimi nimezalisha wanawake tangu kabla wewe hujazaliwa. Mara nyingi mtoto alikaa vibaya, au damu ilitoka nisivyoizoea. Hapo nilisema, 'Hili silijui, leteni machela.' Wanaume walilalamika kwamba hospitali ni mbali na barabara ni tope. Nikawaambia, bebeni. Kuna watu leo wanatembea hapa Kishanda kwa sababu nilisema silijui. Wewe neno hilo moja lilikushinda nini?"

Nililia pale kwenye kigoda, na mwili wote ule mkubwa. Yeye hakunibembeleza. Alisema, "Machozi hayamwinui mtu unyayo. Nenda ukafikiri utafanya nini, halafu ukifanye."

Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini hata mjukuu hutumwa kazi. Njiani, nikikokota baiskeli kwenye mlima, niliamua mambo mawili.

La kwanza nililifanya Jumatatu. Ukumbi ulipojaa, niliwasimamisha wote. Niliwaambia kwamba yale ya maji yalikuwa uongo, wanywe maji. Makoti ya nailoni yanatoa jasho tu, na jasho si mafuta, wayavue. Na kwamba Josia aliponiambia mguu unawaka, nilimdanganya kwa sababu niliona aibu kutojua. Mama mmoja alivua koti lake pale pale, akalikunja polepole, akaondoka bila kuniaga. Wengine walimfuata. Wachache walibaki, wakitazama sakafu.

Mwenye ukumbi aliniita dukani kwake.

"Elizeus, ungenyamaza. Watu husahau."

"Mguu wa Josia haujasahau, mzee."

"Basi huna kazi hapa."

Nikamwambia nimeelewa. Nilifungasha nguo zangu, nikatoka, na ajabu ni kwamba kifua changu kilikuwa chepesi.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Nilikwenda hospitali kumtafuta mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mmoja aliyeitwa Domitila, nikamwomba anifundishe. Alinitazama juu hadi chini.

"Nguvu unazo," alisema. "Ila mimi sihitaji nguvu. Njoo kesho, utanisaidia kuwageuza wagonjwa vitandani. Na ukifungua mdomo kumshauri mtu yeyote, usirudi."

Nikaenda kesho yake, na siku zilizofuata. Asubuhi nilipakua mizigo sokoni nipate kula, mchana nilikuwa kwake. Kwa miezi mingi niligeuza, nilishika, nilitazama, nilifunga mdomo. Yeye akaanza kunieleza, kwanza kidogo, kisha zaidi, na baadaye akaniandikia barua nikapata nafasi ya kusoma kozi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na kila Jumamosi nilikuwa Kishanda. Jumamosi ya kwanza Josia hakutaka kuniona. Kupitia mlangoni alisema, "Mwambieni asiniguse." Nikamwambia mama yake kwamba sitamgusa, nikaomba jembe. Nikapalilia kibanja chao, nikakata majani makavu ya migomba, nikaondoka. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Ya nne, Josia alijikokota na magongo mawili hadi nje, akakaa kunitazama nikifanya kazi. Akasema, "Unapalilia kama mtu wa mjini." Nilijua hapo kwamba mlango umefunguka kidogo.

Mama Domitila ndiye aliyepanga mazoezi yake, na mimi nilikuwa msimamizi tu. Tulianza na zoezi dogo kuliko yote niliyowahi kuyaona: Josia anakaa, anautazama unyayo, anajaribu kuinua vidole. Mara kumi, anapumzika. Mimi niliyekuwa nikiwapigia watu kelele waongeze uzito, nikawa nimepiga magoti kwenye udongo nikihesabu hadi kumi kwa ajili ya vidole vilivyokuwa havisogei. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Msimu wa senene ukaja ukaisha.

Siku moja, nikiwa nimefika saba, kidole gumba kiliinuka. Kidogo tu, kama kuku anayeinua kichwa. Tulitazamana.

"Umekiona?" aliniuliza.

"Nimekiona."

"Usiniambie ni nini," alisema. "Nenda kamuulize Domitila kwanza."

Tukacheka, wote wawili, mpaka Ma Eunike akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sitakudanganya kwamba alipona kabisa. Baada ya mwaka na kitu alitembea kwa fimbo, na baadaye bila fimbo, lakini unyayo ule hadi leo unaburuta akichoka. Karakana aliirudia, mbao nzito wanambebea wengine. Aliimba kanisani siku binti yake alipopata kipaimara, amesimama, nami Mkatoliki nilikaa benchi la nyuma. Kuhusu msamaha, hatukuwahi kukaa kuuzungumza. Alinitengenezea meza ya kazi nilipofungua chumba changu cha mazoezi, akaipima mwenyewe. Nililichukua hilo kuwa jibu.

Sasa nakutazama wewe, mwanangu, na wenzako. Bukoba ina kumbi nzuri za mazoezi kuliko zetu za zege, na simu zenu zimejaa vijana wenye vifua vipana wanaowaambia mruke hivi, mshinde njaa hivi, mnywe unga huu. Wako wanaojua, na nawaheshimu. Wako pia akina Elizeus wa miaka ishirini na sita.

Sikwambii uache mazoezi. Mimi na umri huu natembea kila asubuhi, na vyuma vyangu vidogo ninavyo. Nakwambia hivi: kabla hujampa mtu mwili wako, muulize alijifunza wapi, na umtazame usoni anapojibu. Njia ya mwongo ni fupi. Anayejua hataudhika, atakuuliza na yeye una maradhi gani, umewahi kuumia wapi, umezaa lini. Asiyekuuliza chochote, muage. Misuli kuuma kesho yake ni jambo la kawaida. Lakini ukisikia mguu unawaka, ganzi, kizunguzungu au kifua kubana, weka chini ulichobeba uende hospitali, hata kama ukumbi mzima unakucheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na kama wewe ndiwe uliyepewa watu uwafundishe, fanya bidii usome. Usisubiri mtu aanguke mbele yako. Siku utakapoulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, wakati bado mtu amesimama kwa miguu yake miwili. Itakuuma kidogo. Maumivu hayo nakuruhusu uyavumilie.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe viungo vyepesi na ulimi mkweli, akukutanishe na walimu waliofundishwa, na kazi ya mikono yako imwache kila mtu akiwa mzima kuliko ulivyomkuta. Omukama, Mola wetu, atembee nawe.