Tanga Tulikuwa Wawili

Siku ile naikumbuka yote, mwanangu, maana hata leo ikinijia huona haya. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano hapa Timbwani, Likoni, tumeketi jamvini tukichambua mchele wa harusi ya binamu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaposwa, na mama yake mchumba wangu ameketi mbele yangu na ungo wake.

Juma moja kabla ya hapo, mimi na rafiki yangu Riziki tulikuwa Tanga. Sote wawili tulifundisha chekechea. Shule zilipofungwa tukavuka mpaka, tukafikia kwa shangazi yake. Asubuhi ya kwanza nikamvuta mpaka kwa fundi anayekodisha baiskeli. Wazo lilikuwa langu, usilisahau hilo. Tanga ni mji tambarare, na wanawake wa kule huenda sokoni kwa baiskeli na vikapu vyao, hakuna anayegeuza shingo. Tukavaa suruali ndani, tukakusanya mabuibui yasiingie kwenye mnyororo, tukazunguka siku tatu: bandarini, Chumbageni, mpaka Raskazoni kwenye upepo. Mji ukiupita ndani ya gari unaona maduka tu. Kwa baiskeli nilijua nani anapika mbaazi na nani anaanua nguo. Tembea uone, walisema wahenga, nami niliona. Nilifurahi mno, na sioni sababu ya kuificha furaha hiyo.

Kumbe jirani yetu mmoja, mfanyabiashara wa machungwa, alituona huko. Habari ikafika Likoni kabla yetu.

Basi pale jamvini mama yake mchumba akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo, eti ni kweli kuna mabinti wa Timbwani walioonekana Tanga juu ya baiskeli, miguu nje? Mikono yote ikasimama. Nami, mwanangu, nikajibu, "Alikuwa Riziki. Mimi nilibaki nyumbani na shangazi yake."

Riziki alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Aliniangalia mara moja, akarudi kuokota mawe kwenye mchele wake. Juma halikuisha kabla wazazi hawajamwendea mwalimu mkuu kusema hawataki wana wao wafundishwe na mwanamke asiye na haya. Riziki akaambiwa shule zikifunguliwa apumzike nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kukanyaga pedeli maishani mwake, alinikuta nalia jikoni. Nikamweleza yote, nikitaraji atanipangusa machozi. Akaniambia, "Kupanda baiskeli si haramu, mjukuu wangu. Lakini raha mmekula wawili, fedheha wamwachia mwenzio peke yake? Mume ukimpata hivyo, wallahi, wamnunua kwa jina la mwenzio."

Nikakasirika. Kwanza nilimkasirikia bibi, kisha nafsi yangu, mwisho jamvi zima.

Siku wanawake walipokusanyika tena, kukaanga vitunguu vya biriani, nikachukua baiskeli ya kaka yangu. Sikupita uchochoroni. Nilishika barabara kubwa mchana kweupe, nikapita mbele ya baraza za wanaume, kengele inalia. Mzee mmoja akanirushia ile methali, mtembezi hula miguu yake. Nikamjibu kwamba miguu ni yangu, aniache niile. Nilipofika nikashuka, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikamwamkia kila mkubwa shikamoo yake, maana kukaidi si kukosa adabu. Kisha nikasema, "Tanga tulikuwa wawili. Na aliyemvuta mwenzie ni mimi."

Mama yake mchumba akaosha mikono, akaaga. Posa ilivunjika juma lilo hilo. Shangazi zangu walilia kama waliofiwa. Mimi sikulia, na mpaka leo sijuti. Niliolewa na mwingine, na pamoja naye nimezunguka kwa baiskeli Tanga mara nne, Unguja na Morogoro, hadi magoti yalipokataa. Watu walisema, nao wengine bado wanasema. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Riziki alirudishwa shuleni. Lakini nilipokwenda kwao kumwomba radhi aliniambia, kwa upole kabisa, "Nimekusamehe. Ila safari na wewe, basi." Hakuligeuza neno lake. Tukikutana kivukoni tunaulizana hali za wajukuu, kisha kila mmoja anashika njia yake. Hilo ndilo ninalolijutia.

Sasa nawaona nyinyi mabinti wa leo mnakwenda Unguja na Dar, wengine hadi Istanbul, mnakodi baiskeli, mnapiga picha, kisha shangazi mmoja akiguna tu mnazifuta. Usifute, mwanangu. Hukuiba kitu cha mtu. Vaa kwa stara, salimia wakubwa, uende zako, na ukiulizwa sema ndiyo, nilikuwa mimi. Watakaonuna na wanune, watachoka. Atakayekukataa kwa ajili ya magurudumu mawili hakuwa wako. Ila mwenzio uliyekwenda naye usimtupe mbele za watu ili wewe usalimike. Mume nilipata mwingine. Riziki sikumpata tena.

Mola akufungulie njia, akupe pumzi ya kupandia vilima na miji itakayokupokea kwa wema, na akupe mwenzio wa safari utakayerudi naye mkizungumza. Amin.