Kipa Aliyelala Chini ya Sanduku

Jua halijapanda sawasawa, na fundi wa makochi tayari amepiga goti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa. Amebana misumari midogo midomoni. Anausukuma mmoja kwa ncha ya ulimi, anaupokea kwa vidole, nyundo inashuka, msumari umezama. Hautazami hata mkono wake. Anamtazama mteja aliyesimama mlangoni, na misumari ikiwa bado mdomoni, anamuuliza jambo lisilohusiana kabisa na makochi.

“Samahani baba, utotoni hukuwahi kukusanya kadi za wachezaji?”

Mteja anacheka, anatikisa kichwa. Alikuja kuulizia bei ya sponji.

Mtaa mzima unamwita mama huyu Misumari, na hakuna aliyeingiza mguu katika karakana yake asiulizwe swali hilo. Kadi aliyokuwa akiitafuta ameshaiona. Ni kuuliza tu ndiko kumemshinda kuacha.

Alipokuwa mtoto, kadi hizo zilikuja ndani ya pakiti za chingamu.

“Chingamu yenyewe ilikuwa ngumu kama kwato,” anasema. “Tulitafuna ili wakubwa wasiseme tumetupa chakula. Sisi shida yetu ilikuwa kadi.”

Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti. Wengi wa wale wachezaji amewasahau, ila mmoja: kipa wa jezi ya njano, amejinyoosha hewani kama aliyelala kitandani, mikono mbele, mpira kwenye ncha za vidole.

“Nilikuwa mtoto mwoga mimi. Kuku akinijia mbio, nalia. Sasa nikimtazama yule baba alivyojirusha bila kujali ataangukia wapi, nikasema, kumbe binadamu anaweza!”

Akaanza kudaka na wavulana wa mtaani. Makovu ya magotini anayo hadi leo.

Kisha familia ikahama. Lori lilikuwa limeshakata kona alipokumbuka kwamba kopo limebaki juu ya kabati la wenye nyumba. Akalia hadi pumzi ikamwishia, lakini nani angegeuza lori kwa ajili ya kopo?

Akakua, akaolewa, akafiwa na mume watoto wakiwa wadogo. Mjomba wake aliyekuwa fundi makochi akamfundisha kazi, na mzee alipofariki akamwachia karakana. Wanaume wa kazi hiyo walimcheka, wakasema hatamaliza mwaka. Watoto wake wamesoma kwa nyundo hiyohiyo.

“Kila nilipoogopa, nilimkumbuka yule kipa,” anasema. “Nikajirusha.”

Ndipo akataka kumwona tena. Alipekua vibanda vya vitabu vya mitumba na masoko ya vitu chakavu. Akafika hadi kwa bwana mmoja anayekusanya kadi za zamani, akafunguliwa albamu. Timu ilikuwa ileile, jina la kipa lilelile, jezi ya njano vilevile. Lakini kipa alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, anatabasamu.

“Mama, hiyo ya kuruka haipo,” bwana yule akamwambia kwa upole.

Dada yake mkubwa naye hakumung’unya maneno. “Mdogo wangu, uliota. Si ulikuwa na homa mwaka ule? Ulikuwa unaongea na ukuta!”

Hapo Misumari anaiweka nyundo chini.

“Kadi kupotea si neno, vitu hupotea. Lakini kuambiwa haikuwahi kuwepo! Nikawa najiuliza, kama yule mtu nilimwota, basi huu ujasiri niliutoa wapi?”

Wahenga walisema mtafuta hachoki, na akichoka keshapata. Siku moja mzee mmoja alileta kiti chake cha kuegemea, kimebonyea kama sahani. Misumari akamuuliza swali lake. Mzee akakikalia kiti hichohicho kibovu, akacheka hadi machozi.

“Binti yangu, hizo kadi tumezichapa sisi!”

Alikuwa mpiga chapa mstaafu. Sura za wachezaji hakuzikumbuka, mikononi mwake zilipita kadi za harusi na maboksi ya dawa pia. Alichokumbuka ni kwamba rafiki yake wa mashine ya pili alipenda mpira kupita kiasi, na kwamba karatasi ya kwanza ya kadi hizo ilipoharibika alikwenda nayo nyumbani. Rafiki alishafariki. Mkewe yupo.

Wakaenda wote wawili. Mjane aliwapokea vizuri, akasikiliza, akakuna kichwa.

“Karatasi ya mpira? Sina. Labda ile aliyotandika ndani ya sanduku langu la nguo, chini kabisa.”

Wakatoa mablanketi, magauni, mashuka ya wageni. Mpiga chapa akalisogeza sanduku dirishani.

Misumari alishika ukingo wa sanduku, akachungulia ndani.

Ilikuwa karatasi nzima ya kiwandani, haijakatwa. Utoto wake wote ulikuwa umepangwa mule, mstari kwa mstari, kadi kwa kadi, nyuso alizodhani zimefutika zikimtazama kwa pamoja. Rangi nyekundu ilikuwa imehama kidogo wakati wa kuchapa, hivyo kila mchezaji alikuwa na kivuli chekundu pembeni, kana kwamba anatoka ndani ya mwili wake. Na pale karibu na kona, njano. Amejinyoosha hewani.

“Ndiye!” alisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Mjane aliinama kutazama. “Ama kweli! Magauni yangu nimeyalaza juu ya wanaume wote hawa, na marehemu hakusema neno?”

Walicheka. Kisha Misumari akasogeza uso karibu zaidi, na kicheko kikamkauka. Mpira haukuwa kwenye vidole vya kipa. Ulikuwa nyuma yake, umeshatikisa wavu. Picha ilipigwa baada ya goli kuingia.

Mpiga chapa akapiga paja. “Sasa nimekumbuka! Ndiyo maana wenye timu walilalamika. Chache zilikuwa zimeshatoka, zilizofuata tukambadilisha picha.”

Misumari aligusa karatasi kwa kidole kimoja.

“Kumbe alifungwa,” alisema mwishowe. “Na aliruka hivyo. Jamani, aliruka hivyo!”

Mjane alimletea mkasi amkate kipa wake, aende naye. Misumari, ambaye mkasi ni mkono wake wa tatu, aliukataa. Alisema hawezi kumtoa mtu mmoja kati ya wenzake.

Karatasi imebaki kwa mjane. Misumari ameitengenezea fremu ya mbao, na kila Jumapili anaenda kuitazama, wanakunywa chai.

Sasa wana mpango. Wanataka kuwatafuta wachezaji walio hai, waje wajione. Wameanza na kipa. Wamesikia ana duka la vipuri vya baiskeli upande wa pili wa mji, amezeeka, anatembea kwa mkongojo, na watoto wa pale hawajui kwamba aliwahi kucheza.

Misumari ameshashona nguo ya kwendea. Je, atamwambia nini? Anafikiri kidogo, anatoa msumari mdomoni.

“Nitamwamkia kwanza. Halafu nitamwambia, baba, lile goli liliingia, lakini mimi ulinidaka.”